Bangi ya Wajackoyah na cheti cha kijana wetu

Kwa Mhariri,

Najua saa hii, baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, kila mtu macho iko Supreme Court na kesi ya Raila na Ruto ya matokeo ya urais, na mimi pia nafuatilia kwa redio nikikaanga mandazi, lakini naomba nafasi kidogo niseme kuhusu mgombea urais aliyemaliza wa tatu, Profesa George Wajackoyah, juu naona mmeshamsahau haraka sana vile mlimshangilia haraka.

Mimi niko Kakamega, nauza chai na mandazi karibu na steji ya boda. Kuanzia mwezi wa sita hapo steji hakukua na stori ingine. Vijana walikua wanafunga matawi ya miti kwa pikipiki, wakipita wanapiga honi na kelele "tingiza mti!", na wengine walikua hawajui ata chama chake kinaitwa Roots lakini wimbo walikua nao. Wakati alizindua manifesto pale ukumbi wa KICC Nairobi tarehe 30 Juni, mteja mmoja aliniwekea simu kwa meza tukaangalia pamoja chai ikapoa. Bangi ihalalishwe tuuze ng'ambo tulipe deni la China. Tufuge nyoka. Tuuze makende ya fisi. Tufanye kazi siku nne kwa wiki, mji mkuu upelekwe Isiolo, wezi wa mali ya umma wanyongwe. Watu walicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka, sitadanganya.

Kura zikahesabiwa akapata 61,969. Asilimia 0.44. Hizo honi zote za steji za Kenya nzima, na hesabu ikawa hio.

Sasa Mhariri, sikuandika kumcheka. Nimeandika kwa sababu ya kijana wetu, mtoto wa dada yangu, ambaye nimemlea mimi na huniita mama.

Julai mwaka jana, mtakumbuka huku kwetu Magharibi na Nyanza kafyu ya corona ilikua inaanza saa moja jioni, jua ata halijazama vizuri. Kijana alikua amebeba abiria wa mwisho, akashikwa saa moja na dakika kadhaa, wakampekua mfukoni wakapata misokoto miwili. Mambo ya kafyu ikaisha hapo hapo, ikawa ni bangi. Sitataja kituo. Nilifika usiku na blanketi nikaambiwa nirudi asubuhi, na nikaambiwa pia kuna njia ya kuisha hapo hapo kabla ya kitabu kuandikwa, lakini hio njia ilikua na bei na mimi siku hio nilikua na mia nane kwa leso.

Kortini waliweka ile exhibit kwa meza. Nilikua nimekaa benchi ya pili, niliiona vizuri. Vitu viwili virefu kama kidole cha mtoto, vimesokotwa kwa kipande cha gazeti (sijui kama ni gazeti lenu Mhariri, naomba iwe si lenu), ndani ya bahasha ya kaki yenye namba. Karani akasoma, ati alipatikana na misokoto miwili ya bangi yenye thamani ya shilingi mia moja. Mia moja! Mandazi kumi. Akaulizwa ni ukweli ama si ukweli, akasema ni ukweli, juu mahabusu walikua wamemwambia ukikataa kesi inavutwa mwaka mzima na ukikubali unaenda nyumbani. Faini elfu kumi au miezi mitatu. Tukakopa chama (kikundi chetu cha kuweka akiba), tukalipa, tukaenda nyumbani tukifikiri imeisha.

Na ati hapo alihurumiwa. Sheria yenyewe ya dawa za kulevya ya 1994 vile iliandikwa, mtu akipatikana na bangi ya kuvuta yeye mwenyewe tu, ilikua inataja miaka kumi. Hakimu hakuenda huko, Mungu ambariki.

Lakini haikua imeisha. Mwaka huu ajenti alikuja kutafuta vijana wa kwenda Qatar kufanya kazi ya askari wa lango wakati wa Kombe la Dunia, kijana akafanya mahojiano akapita, mwili anao na Kiingereza anacho, akaambiwa kilichobaki ni cheti cha polisi, kile wote tunakiita gudi kondakti. Akalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, akaenda ofisi ya Huduma Centre akachukuliwa alama za vidole vyote kumi, tukangoja. Cheti kikatoka na ile kesi imeandikwa hapo. Ajenti alikisoma mara moja tu akamrudishia na hakuongeza neno. Wenzake wawili waliopita naye wanaondoka hivi karibuni, na mmoja wao, nisimtaje, huvuta kuliko yeye, bahati yake ni kwamba hajawahi kupekuliwa.

Ndio maana nilikua namsikiliza huyu profesa kwa masikio mawili. Nilisema sasa huyu mwanasheria mwenye digrii kuliko vidole, na tena aliyewahi kuwa polisi, si atatuambia kitu kuhusu hawa vijana. Nilingoja. Kama aliwahi kusema basi ilimezwa na nyoka na fisi kabla ifike Kakamega, juu kilichotufikia sisi kila siku ni dola, dola, deni la China, dola. Mgombea mwenza wake Justina Wamae alijaribu kwa upole kueleza kwamba inaongelewa bangi ya dawa na ya viwanda, na siku chache kabla ya kura wakaanza kurushiana maneno mbele ya watu, hapo nikajua hio gari haina dereva mmoja.

Mwenye alikua ameanza vizuri ni marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Mwaka wa 2018 aliandikia Bunge akitaka asaidiwe kutunga mswada wa bangi, na kati ya mambo aliyoyaweka ni kwamba wale waliofungwa kwa kupatikana na bangi wasamehewe na rekodi zao zifutwe. Rekodi zifutwe! Aliona mbali huyo mtu. Saratani ikamchukua Julai 2019 na mswada nao ni kama ulikufa naye, na miaka mitatu baadaye tunaletewa bangi hio hio lakini ile sehemu ya msamaha imepotea njiani, imebaki biashara peke yake.

Na hio biashara yenyewe hebu tuiangalie kama watu wa soko. Rwanda ilikubali mwaka wa 2020 bangi ya dawa ilimwe ya kuuza nje, lakini raia wa kawaida akivuta bado anashikwa. Shamba linatakiwa liwe na ua, kamera, walinzi, leseni. Mimi nina robo eka yenye mahindi na ndizi, hio kamera nitaifunga kwa ndizi gani? Lesotho walitangulia kutoa leseni Afrika, tangu 2017, na waliofaidi zaidi ni makampuni yenye pesa ya kununua leseni. Kwa hivyo ata angeshinda, kuna mtu mkubwa angelima ekari mia na kuuza ng'ambo kwa heshima, na kijana wa boda mwenye misokoto miwili angebaki vile vile na kesi yake.

Halafu watu wa Meru wanaolima miraa waulizwe kuhusu mmea unaotegemea sheria ya nchi ya wenyewe. Miraa iko halali hapa, ata ni zao rasmi, lakini Uingereza ikafunga mlango 2014 na watu wakaanza kuhesabu hasara, Somalia ikafunga 2020 na imefungua juzi tu, Julai. Ndio ulipe deni la China na soko kama hilo? Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alisema deni letu limepita trilioni nane na kama bangi inaweza kulipa hio basi wenye kuivuta ni Wachina wenyewe, tena wote. Hapo steji walinyamaza.

Tena sitaki mtu aseme nasifia bangi. Nimeona kijana wa jirani imemharibu akili, anaongea na ukuta, na nikimpata wangu anavuta nyumbani kwangu atalala nje. Hilo ni jambo la mzazi na la daktari. Jela na alama za vidole zinaingiliaje hapo kwa kitu cha shilingi mia?

Kwa hivyo Mhariri, najua 2027 si mbali na huyu profesa mtamtafuta tena, juu anauza magazeti. Mkimpata naomba mwandishi wenu asimuulize kuhusu fisi, fisi tumeshiba. Amuulize wale waliokwisha kukubali makosa kwa msokoto mmoja wawili atawafanyia nini, na vyeti vyao. Na msimuulize yeye peke yake, muulize pia hao wakubwa wawili, kwa vile sikuwasikia wakiligusa hilo kabisa.

Kijana wetu bado yuko steji. Tumeulizia kama hio rekodi inaweza kutolewa, kila ofisi inatutuma kwa ofisi ingine. Nilipomwambia naandika hii barua alisema nisisahau kuweka kwamba yeye ni mmoja wa wale 61,969. Mimi sikumpigia profesa kura, na tulikosana kidogo siku hio ya kura, lakini jioni alikuja akanywa chai.

Mama Mandazi,
Kakamega