Risala ya Chama cha Wakutubi wa Maktaba Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Mkutano Mkuu wa Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Chama na Wajumbe wa Kamati Tendaji,
Wakuu wa taasisi mliopata nafasi ya kufika,
Wakutubi wenzetu,
Mabibi na Mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana tena. Pili, tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Neno "mwenyewe" tumeliweka kwa makusudi. Tumezoea kupokea wawakilishi, nao huwa watu waungwana sana, huandika kila tunachosema kwenye daftari na kutuahidi kukifikisha kunakohusika. Leo hatuna haja ya kumwomba mtu atufikishie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na tutaipitia mbiombio. Mkutubi wa maktaba maalumu ni yule anayehudumia hospitali, mahakama, kituo cha utafiti wa kilimo, benki, mamlaka ya maji. Mara nyingi yuko peke yake: ndiye anayeagiza vitabu, anayeviorodhesha, anayeviazimisha, anayevipangusa vumbi, na ndiye anayeulizwa kwa nini printa imegoma. Wenzetu wa Marekani, wakiongozwa na John Cotton Dana, waliuona upweke huo mapema wakaunda chama chao mwaka 1909. Sisi tulichelewa, ila kilichotukutanisha ni kilekile. Tulianza watu 11, tukikutana jioni baada ya kazi katika chumba cha kusomea cha mwenzetu mmoja. Leo tuko 46 tuliolipa ada, na wengine wengi wanaotupenda.

Katika kipindi hicho chama kimepiga hatua kubwa. Tumepata katiba, muhuri, na kabati la chuma la milango miwili, ambayo mmoja unafungwa. Mkutano Mkuu uliopita ulitimiza akidi kwa mara ya kwanza bila kuhesabu wasindikizaji. Wenzetu wa hospitali wamewafundisha wanachama kutafuta makala katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba iliyo mtandaoni, na kuzisajili taasisi zao katika Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Wenzetu wa kilimo nao wametuonyesha AGROVOC, hazina ya istilahi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo ina maneno ya Kiswahili pia. Uongozi wetu ni wa kupokezana kila baada ya miaka miwili. Hilo nalo tunalihesabu kuwa mafanikio, ingawa Katibu wa awamu iliyopita alipohamishwa kikazi aliondoka na nywila ya tovuti, na kwa miezi mitano tovuti yetu ikaendelea kuwakaribisha watu kwenye mkutano uliokwisha kufanyika. Siku hizi nywila zinakaa ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, kabatini, upande wa mlango unaofungwa.

Sasa tunaomba uturuhusu, Mheshimiwa, tuingie kwenye jambo lililotuleta.

Mradi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuifanya kwa pamoja ni Katalogi ya Pamoja. Ulianza kama orodha ya majarida tu. Tulikuwa tumechoka kupigiana simu kuulizana nani ana toleo gani, basi tukakubaliana kila maktaba ilete orodha yake. Orodha zikaja kila moja na lugha yake: hii imefupisha jina la jarida, ile imeliandika kwa jina la zamani, nyingine imelipanga chini ya mchapishaji. Ilitubidi tuache majina na kulinganisha ISSN, ile namba ya tarakimu 8 ambayo kila jarida hupewa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba taasisi tatu, zote zikiwa chini ya usimamizi wa ofisi yako, zilikuwa zikililipia jarida moja kila mwaka, kila moja kivyake, na wakati huohuo zote tatu zilikuwa zinalalamika kwamba hazina fedha za jarida jingine ambalo watafiti wao walilihitaji zaidi. Wakutubi watatu wakakaa mezani. Maktaba moja ikabaki na jarida lile, mbili zikaliacha, na lile lililokosekana likapatikana. Hatukuhitaji fedha mpya hata kidogo, na hakuna aliyetuandikia barua ya pongezi. Pengine ni kwa sababu hakuna aliyejua kwamba palikuwa na hasara.

Kutoka majarida tukaingia kwenye vitabu na, kilicho muhimu zaidi, kwenye ripoti. Maktaba maalumu hazina vitabu vingi, lakini zina vitu visivyouzwa dukani: ripoti za upimaji, tathmini, michoro, matokeo ya majaribio, mara nyingi nakala moja tu iliyosalia. Mhandisi mmoja wa maji alikuja akitafuta matokeo ya upimaji wa udongo wa bonde fulani, akiwa amekwisha kuandaa ombi la fedha za kupima upya. Ripoti aliyoihitaji ilikuwa katika maktaba ya kilimo, rafu ya chini, imefungwa kwa kamba. Aliipata kwa sababu mwenzetu alikuwa ameiorodhesha wiki mbili kabla, Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Tunalitaja tukio hili kila tunapopata nafasi, na tunaomba radhi kwa waliokwisha kulisikia.

Rekodi zilizomo sasa zimepita 18,000. Zimeandikwa kwa muundo wa MARC, yaani utaratibu mmoja wa kuandika rekodi za maktaba ili kompyuta izisome, ule uliobuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, ndiyo maana rekodi ya mkutubi wa mahakama inaweza kukaa pamoja na ya mkutubi wa hospitali bila ugomvi. Programu tunayotumia ni Koha, iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya na kuanza kazi mwaka 2000. Ni programu huria, hailipiwi leseni. Koha ni neno la Kimaori, maana yake zawadi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zawadi tumeshapewa. Tunachokosa ni mahali pa kuiweka.

Katalogi hiyo yenye rekodi zaidi ya 18,000 inaishi ndani ya kompyuta moja iliyo chini ya meza ya mwanachama wetu mmoja. Ni kompyuta ya kawaida ya mezani, tumeipa cheo cha seva kwa heshima. Taasisi anakofanyia kazi inajua ipo, lakini haijawahi kuitambua kwa maandishi. Kila Ijumaa jioni mlinzi hushusha swichi kuu ya jengo, kama alivyoagizwa, na Katalogi ya Pamoja hulala hadi Jumatatu. Katikati ya wiki mhudumu wa usafi huchomoa waya wake ili achomeke birika la umeme. Hatumlaumu, kwa kuwa soketi ni moja. Mwanachama huyo akienda likizo, chama kizima kiko likizo. Akihamishwa, na wote hapa tunajua uhamisho haugongi hodi, hatujui seva itakuwa mali ya nani.

Najua swali linalokuja: kwa nini hamkodi nafasi kwa wanaohifadhi tovuti na data? Tulikodi. Mfadhili mmoja alitulipia mwaka mmoja, tukapiga makofi na picha tukapiga. Mwaka ulipoisha mfadhili alikuwa na vipaumbele vingine, ankara ikaja kwa anwani ya Katibu aliyekwisha kuhama, na huduma ikafungwa. Rekodi ziliokoka kwa sababu Mweka Hazina alikuwa na nakala kwenye flashi iliyofungwa pamoja na funguo za nyumbani kwake. Chama cha wahifadhi wa maarifa kiliponea kwenye tundu la funguo, Mheshimiwa. Ada zetu zinatosha kulipia jina la tovuti na shajala za mikutano. Haziwezi kubeba gharama inayorudi kila mwaka, tena ada zenyewe hulipwa kwa kasi ya wiki moja kabla ya uchaguzi.

Na hapa, kwa heshima zote, inatubidi tukumbushe machache. Hii ni risala ya nne kuzungumzia seva. Mgeni Rasmi wa kwanza alituahidi kompyuta kubwa na chumba cha kuiweka. Wa pili alituahidi kufuatilia ahadi ya wa kwanza. Wa tatu alishangaa sana kusikia kwamba kulikuwa na ahadi, akamwagiza msaidizi wake aandike, na msaidizi akaandika, tulimwona. Baada ya miezi kadhaa tuliletewa mashine sita zilizokuwa zimetumika mahali pengine, nne zikiwa hazina diski. Tulizipokea kwa barua ya shukrani. Hatukuwa tumeomba mashine sita, lakini mgeni haulizwi kwa nini ameleta alichokileta.

Hatusemi haya kwa kinyongo. Tunayasema kwa sababu tumejifunza kwamba tulikuwa tunaomba vibaya. Tulikuwa tunaomba kitu, na kitu kinaweza kuletwa siku moja, kikapigwa picha, kikaachwa. Safari hii tunaomba kifungu katika bajeti. Hata kikiwa kidogo, kiwe na jina, kirudi kila mwaka na kimtaje mtu wa kukisimamia. Seva ikiwa ya kununua au nafasi ikiwa ya kukodi, kwetu ni sawa. Iwepo nakala rudufu inayotunzwa kwenye jengo jingine, na umeme usiotegemea huruma ya mlinzi. Na awepo mkutubi mmoja wa mifumo, mwajiriwa, ambaye kazi yake iandikwe kuwa hii, maana sasa anayeitunza katalogi anaifanya kazi hiyo kwa kujificha, na kwenye tathmini yake ya kazi mwaka jana aliulizwa muda wake wa ziada unakwenda wapi.

Ombi hili lina pacha wake, na bila pacha huyo kifungu chenyewe kitazaliwa kiwete. Wakutubi 46 wamekubaliana kushirikiana, lakini taasisi zao hazijakubaliana. Mwaka 1967, vyuo vya jimbo la Ohio nchini Marekani vilipounda chombo cha ushirikiano wa maktaba zao, ambacho leo kinajulikana kama OCLC, viongozi wa vyuo wenyewe ndio walioingia. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, uorodheshaji wa pamoja wa mtandaoni ukaanza, na chombo kile bado kipo. Sisi tumeanzia chini, kwa urafiki. Mkuu mmoja wa taasisi akibadilika, mrithi wake huuliza kwa nini "mali yetu" inaonekana kwenye orodha ya watu wengine, na rekodi huondolewa. Imetokea mara mbili. Mkutubi hana la kujibu, hana karatasi ya kuonyesha. Tumeandaa rasimu ya hati ya makubaliano, kurasa tatu tu, inayoeleza kwamba taasisi inachangia rekodi, umiliki wa machapisho unabaki kwake, na wasomaji wa taasisi nyingine wanaruhusiwa kuazima au kupata nakala kwa utaratibu, kwa kuzingatia sheria ya hakimiliki na siri za taasisi. Ripoti za siri hazitaguswa. Wakuu wa taasisi wanasubiri neno kutoka ofisi yako, na baadhi yao wako humu ukumbini, wametusikia, wala hatuwatazami.

Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na ya nne inatutaka tuokoe muda wa msomaji. Tungependa kuongeza, kwa ruhusa yake, kwamba na muda wa wageni rasmi uokolewe. Isitulazimu kumwalika wa tano kwa jambo hilihili.

Yapo mahitaji mengine: mafunzo ya uainishaji kwa wanachama wapya, nauli ya wenzetu wa mbali, na kufuli la mlango wa pili wa kabati. Tumeyaweka kwenye kiambatisho. Usiyasome leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala za risala hii ziko tatu. Moja ni yako, na rasimu ya hati imebanwa nyuma yake. Ya pili tunaomba uiwekee saini ya kuipokea, hapo chini kushoto, kalamu anayo Katibu. Ya tatu itaingia kwenye katalogi kama zilivyoingia zile tatu zilizotangulia, pamoja na majibu yaliyotolewa siku hizo. Mjumbe mmoja alipendekeza tuzipange kwenye namba 398, ambako mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, huweka ngano. Kamati ilikataa, tukaziweka 020 pamoja na masuala mengine ya ukutubi. Yeyote anayetaka kuzisoma atazipata, mradi isiwe kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi.

Naomba kuwasilisha.