Utafiti wa ukatili wa wapenzi vijana ufike na kwenye mageto

Mhariri,

Hivi karibuni alipita mtaani kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, kijana mmoja mstaarabu na kishikwambi chake. Alisema anatafiti ukatili kati ya vijana walio kwenye mahusiano: unafika wapi, na nini kinauchochea. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Nimekuwa nesi hadi nilipostaafu, jambo hilo nalijua.

Nilimwambia nyumba yangu ya uani ni geto, imepangwa na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne. Akajibu kwamba hao hawahesabiki katika kaya yangu, na kwa kuwa hawajatimiza miaka 18 hawezi kuwahoji bila idhini ya mzazi. Wazazi wenyewe wako Sikonge na Uyui kwenye tumbaku. Basi akatuandika mimi na mjukuu wangu wa darasa la pili, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Utaratibu wa kumlinda mtoto siupingi. Lakini aliowaruka ndio wenye habari.

Mmoja wao alinunuliwa simu janja na dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye mke. Haikupita muda nikaanza kusikia ugomvi wa paswedi usiku. Asubuhi moja nikamkuta anachota maji kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umevimba kwenye kifundo, alama za vidole vinne upande mmoja, cha gumba upande wa pili. "Nimeteleza bombani, bibi." Nikanyamaza. Mwenyewe akaongeza, "Na mimi nilichelewa kupokea simu, nilikuwa prepo." Nilipomtajia dawati la jinsia na watoto la polisi akanishika kanga akilia: baba akisikia tu, shule basi.

Utafiti wa kitaifa wa 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Nao ulipita kaya kwa kaya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likasema asilimia 24 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenza wamefanyiwa naye ukatili wa kimwili au wa kingono. Ni karibu milioni 19 duniani. Huyu wangu yuko hesabu gani?

Vichochezi vinavyotajwa na wataalamu navikubali: kukulia nyumba ya kipigo, pombe, kupishana umri, kuona kupigwa ni haki. Hilo la mwisho watoto wamelirithi kwetu. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa nchi hii wanakubali kwamba mume ana sababu za kumpiga mkewe. Wanawake, Mhariri, tena kuliko wanaume!

Ila mimi ningeongeza swali moja kwenye kile kishikwambi: unga uliisha lini? Baba huleta debe la unga na maharage shule inapofunguliwa. Likikauka kabla ya muhula kwisha, ndipo bodaboda huanza kupaki nje ya geto, na chipsi kwenye mfuko. Anayekulisha na kukuwekea vocha anajiona ana haki ya kushika simu yako, na mkono wako pia.

Idhini za wazazi zinapatikana. Siku ya kufungua shule wamejaa getini na magodoro, wafuatwe pale. Mabinti nao wahojiwe na mwanamke, mmoja mmoja, shuleni, wakitajiwa namba 116 ambayo mtoto hupiga bure. Kwenye nyumba zetu wasihojiwe, hata kwangu. Baadhi ya wenye nyumba ndio haohao wanaobisha hodi usiku kudai kodi isiyokuwa ya fedha.

Nesi mstaafu,
Isevya, Tabora