Sweta la bluu: barua kwa mwanangu

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 11 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na Bwana Yesu asifiwe. Salamu zako zimefika, na ile laki moja na nusu uliyotuma Ijumaa imefika pia. Baba yako hajambo, kifua kimetulia. Masika haijatuacha bado. Juzi usiku maji yaliingia hadi ukumbini, tukakesha na ndoo.

Najua, hapo ndipo palipokuuma. Uliniambia kwenye simu, "Mama, mimi natuma hela ya bati, wewe unaipandisha Lushoto kununulia watu masweta." Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Jibu lake ni refu, na ndani yake kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, wala nisingeweza kulisema kwa simu huku baba yako akiuliza chai iko wapi. Soma ukishatoka kazini, ukiwa umeketi.

Huko Dar kipupwe ni raha, mnazima feni mnalala. Hata sisi huku pwani, kusi ikianza kuvuma, tunajitanda khanga mbili yanaisha. Sasa panda kutoka Mombo, zile kona za kilomita thelathini na kitu. Ukifika Soni masikio yameziba, ukifika Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na vijiji vingine viko juu zaidi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Ukungu unakaa mlangoni mpaka jua lipande, na mtoto anatakiwa awe mstarini alfajiri hiyohiyo. Wewe umefika kule mara mbili, zote Desemba, wakati wa plamu, ukasema hapa ni peponi. Mwezi wa saba hujapaona.

Ada iliondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sekondari ya kata iko bonde la pili, na miguu ya mtoto haiwezi kwenda na kurudi kila siku. Kwa hiyo wasichana wanapanga chumba karibu na shule, watatu au wanne, wenyewe wanaita geto. Jumapili jioni kila mmoja anatoka kwao na unga kilo mbili, maharage, na kuni kichwani. Alhamisi vimekwisha. Chumba hakina dari, dirisha limezibwa kwa gunia. Baridi ikizidi wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango, wanalala. Hewa ile inayotoka kwenye mkaa huioni wala huinusi, na mtu haamki. Mwaka juzi wasichana wawili walikutwa wamezimia, mwenye nyumba akavunja mlango. Walipona. Tangu siku hiyo, kwangu blanketi si zawadi ya Krismasi. Mtoto mwenye blanketi analiacha jiko nje.

Na kuna mlango mwingine ambao baridi huupitia. Kijana wa bodaboda hamwambii mtoto wa kidato cha pili kwamba anampenda. Anamwambia, "Panda, utachelewa, ona unavyotetemeka." Kesho anavua koti anampa. Keshokutwa chipsi. Sheria ipo, tangu 2016 kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, lakini wazazi wanaitwa pembeni, mbuzi wawili wanatolewa, kesi imekufa. Siku hizi mtoto anaruhusiwa kurudi darasani akishajifungua, na wapo wanaorudi. Nimekaa nao. Kurudi na kichanga mgongoni katika ukungu ule si jambo dogo.

Sasa nikuambie lile jingine.

Unajua nilishuka kutoka Mlalo, kule Lushoto, nikiwa mdogo, nikaja Tanga kwa shangazi. Ndivyo nilivyowaambia wote. Hakuwa shangazi yangu.

Ilikuwa Juni 1983. Nilikuwa darasa la sita, nina miaka kumi na mitatu. Ninyi hamwezi kuujua mwaka ule. Maduka yalikuwa matupu, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni, wahujumu uchumi wanasakwa kila mahali. Mitumba hii mnayochagua leo haikuwepo. Nyumbani tulikuwa na blanketi moja, tunalala chini yake watoto wanne, na wa pembeni alikuwa mimi. Akaja mwanamke kutoka mjini, amependeza, ananukia. Mkononi ana sweta la bluu lenye vifungo vyeupe. Hakusema neno kwanza. Alinivalisha mbele ya bibi yako, akafunga vifungo kimoja kimoja, ndipo akasema, "Huyu mtoto atakufa na baridi hapa. Nipe nikamsomeshe."

Bibi yako alilitazama lile sweta. Uso wa yule mwanamke hata hakuutazama vizuri. Simlaumu mama yangu, na wewe usimlaumu. Alikuwa amemzika mdogo wangu kwa kichomi mwaka mmoja kabla.

Ndani ya basi nilikuwa nalinusa njia nzima. Tulipofika Tanga lilikuwa joto kama unavyolijua. Wiki ya pili yule mwanamke alinivua, akasema huku halina kazi, akalifungia kabatini. Baada ya miezi michache alisafiri tena, na nilipofagia chumba chake niliona kabati li wazi, sweta halimo. Akarudi na mtoto mwingine.

Shule sikuiona. Nilipika, nilifua, nilibeba watoto wake, miaka minne, bila senti. Mengine ya nyumba ile baba yako anayajua, yatoshe kubaki kwake.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa usharika. Alinikuta bombani naimba wimbo wa kanisani kwa Kishambaa, wimbo wa Mlalo, huko ambako wamisionari wa Betheli walianza kazi mwaka 1891. Akauliza wewe ni mtoto wa nani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nishuke. Wiki ileile akina mama walikwenda kwenye nyumba ile watano, wamevaa vitenge vyao vya umoja, wakakaa barazani mpaka nikatolewa. Nililala kwa yule mama miaka mitatu. Wakanichangia cherehani. Ndiyo ile Singer iliyokusomesha.

Kwa hiyo unapouliza masweta ya nini, mwanangu, najua bei ya sweta. Mtoto akilipata kwa watu wema mapema, hatalipokea kwa mwingine.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kikundi chetu cha diakonia, cha kusaidia wahitaji, kina akina mama kumi na tisa, wengi wauza samaki na maandazi, tunatoa elfu mbili mbili kila Jumapili. Majina ya wasichana hatuyatungi sisi. Mwinjilisti, ustaadhi wa pale kijijini na mwalimu wa malezi wanakaa pamoja, kwa kuwa zaidi ya nusu ni watoto wa Kiislamu na njaa haiulizi dini. Mwaka huu ni thelathini na mmoja. Kila mmoja blanketi, sweta, soksi, pedi za kufua, na unga wa kusukumia Alhamisi na Ijumaa. Hatupigi picha. Mtu mmoja alitaka tuwapange mstari na mabango, nikakataa mpaka sauti ikanikauka. Nilishawahi kuvalishwa sweta mbele ya watu.

Mwaka jana tulikosea, na linaniuma hadi leo. Tulifungua belo la mitumba pale sokoni Mgandini, masweta mazuri mazito, mekundu, ya njano, ya maua. Shuleni wakayakataa, si rangi ya sare, watoto wakavuliwa getini. Tena tulifika mwisho wa Julai, baridi imeshafanya yake. Wawili katika orodha walikuwa wameondoka. Mmoja ameolewa. Mwingine, mama yake alisema, kafuatwa na shangazi yake, yuko Dar. Nilimuuliza shangazi wa upande gani. Akainamisha kichwa.

Ndiyo maana safari hii tunapanda Mei. Tumempata fundi Lushoto anayefuma kwa mashine, rangi ya kijani ileile inayotakiwa, na alitaka malipo ya nyuzi kwanza. Hapo ndipo hela yako ilipoingia. Nilitoa elfu themanini, sabini nimempa fundi bati, atakuja mvua ikikatika. Lakini hela ile uliitaja kuwa ya bati, na mimi sikukuuliza. Nimekosa, mwanangu, nisamehe. Nitakurudishia kidogo kidogo kwenye ushonaji wa sare za Januari, na usinikatalie.

Ukikutana huko Dar na mtoto anayefanya kazi za ndani mwenye lafudhi yetu, muulize ni mtoto wa nani.

Gari linaondoka Jumamosi, tarehe 24, saa kumi na mbili asubuhi. Limebaki sweta moja ambalo fundi hatalimaliza. Lako la kidato cha tatu, la kijani, liko ndani ya sanduku lako chini ya kitanda, limekunjwa na nondo hawajaligusa. Nililitoa, nikalirudisha. Ni lako. Nipigie kabla ya Alhamisi uniambie.

Mama yako