Mazingaombwe ya sarafu yanataka subira

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaeleze wanaojifunza mazingaombwe ya mezani kwamba ule mchezo wa sarafu nne, zinazohama moja moja kutoka mkono mmoja hadi mwingine, haujifunzwi kwa kutazama video mara mbili na kukimbilia kuwaonyesha watu.

Kazi kubwa imo katika kuificha sarafu kiganjani: hubanwa kati ya msuli ulio chini ya kidole gumba na nyama ya upande wa pili, huku vidole vikibaki vimelegea kana kwamba mkono hauna kitu. T. Nelson Downs wa Marekani, aliyefariki mwaka 1938, aliitwa Mfalme wa Sarafu kwa umahiri wa namna hiyo. Wanagenzi wengi hukaza vidole, na mtazamaji, hata asiyejua lolote, hushtukia mara moja. Tena wanagenzi hao huukodolea macho mkono wenye siri, ilhali watu hutazama anakotazama mchezaji. Sarafu ya kwanza huwa imekwisha kuhama kabla haijatangazwa (hapo ndipo penye utamu), basi haraka ya nini?

Kioo husaidia, ingawa humzoesha mtu kupepesa macho wakati wa hila bila kujijua. Kujirekodi kwa simu kunafaa zaidi. Mlio nao usisahauliwe, kwa maana sarafu mbili zikigongana ndani ya mkono unaodhaniwa mtupu, hakuna maneno yatakayouokoa mchezo.

Wako,
Msomaji