Barua kwa wazazi wenye watoto wadogo: homa kushuka sio kupona

Wanangu mnaolea watoto chini ya miaka mitano, habari za malezi. Leo naomba mnisikilize mimi bibi yenu, hasa nyie ambao mtoto akipoa mwili tu mnaona malaria imeisha, maana hapo ndo penye hofu yangu kubwa.

Kimelea cha malaria kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinaila humo humo, kinazaana, alafu kinaipasua na kutoka kwenda kuvamia zingine, na mzunguko huo ni kama masaa 48 tu. Sasa vimelea vikiwa vimeizoea dawa, au dozi imekatwa njiani, vimelea vingi vinakufa kweli, homa inashuka, mtoto anaanza kucheza, ila vile vilivyobaki vinaendelea polepole wiki hadi wiki kumaliza damu, na mwili wenye malaria nao unatengeneza damu mpya kwa shida. Ndo maana unakuta mtoto hana homa ya kutisha lakini damu imekwisha.

Sisi wa umri wangu tuliyaona haya kwa klorokwini, dawa ya malaria ya zamani. Usugu, yaani vimelea kuizoea dawa, uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 na watu wakaendelea kuitumia miaka na miaka kwa sababu homa ilikuwa bado inatulia, kumbe vimelea vipo tu. Watoto wakawa wanafika wodini weupe wa kuongezewa damu, na kipindi hicho ukimwi umeshaingia na damu sehemu nyingi haijaanza kupimwa vizuri, kwaiyo wapo watoto waliookolewa na damu ile na wakapata virusi humo humo. Roho inaniuma mpaka leo. Malawi ndo ilitangulia kuiacha klorokwini mwaka 1993 ikaenda kwenye SP (sulfadoksini na pirimethamini), wengine wakafuata, nayo SP haikudumu, ndo tukaja kwenye dawa mseto, yaani artemisinini ikichanganywa na dawa nyingine.

Na hii mseto wanangu tuitunze. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Eritrea. Msitishike mkaikataa, bado inaponya watoto wengi sana, ila itumike inavyotakiwa. ALu, ile mseto ya artemether na lumefantrine, ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili inafuata masaa 8 baada ya ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane mwamshe. Anywe akiwa amekula au amenyonya, maana bila mafuta kidogo tumboni dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika kabla saa moja halijaisha, arudie dozi hiyo, na kama anatapika kila kitu arudishwe hospitali achomwe sindano. Ile tabia ya kubakiza vidonge viwili vya mdogo wake siku nyingine iacheni kabisa, mnawanyima wote wawili.

Alafu jifunzeni kumwangalia damu. Mchukue mtoto mwangani, mfungue kiganja bila kukivuta vidole nyuma, kiweke karibu na kiganja chako au cha mtoto mwingine mzima. Kama chake kimepauka, nendeni akapimwe damu, msingoje homa. Kama kimekuwa cheupe kabisa, au anahema haraka, anashindwa kunyonya, amelegea, au mkojo umekuwa mweusi kama kola, huyo ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano ni upungufu tayari, na ikishuka chini ya 5 na malaria ipo, hiyo ni malaria kali. Na hata aliyeongezewa damu akaruhusiwa, miezi michache ya mwanzo bado yupo hatarini, chandarua kisikosekane hata usiku mmoja.

Homa ikirudi ndani ya siku 28, msimpe dawa ile ile kwa kukisia. Nendeni na pakiti mliyotumia, mtaje tarehe mliyoanza, na muombe apimwe kwa darubini, kwa sababu vile vipimo vya haraka vingi vinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Vimelea vikionekana kweli, daktari atambadilishia dawa. Kwaiyo pakiti msiitupe, iwekeni ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.