Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: vilabu vya vijana vimeendelea, mafunzo ya stadi za maisha yamefanyika, wazazi tumekutana nao, bonanza limekwisha salama. Sitawachosha kwa hayo.

Niende kwenye suala lililosemwa sana, tena zaidi nje ya vikao: kufutwa kwa ziara ya gerezani, ile ya kuwapeleka vijana watishwe na wafungwa ili waogope uhalifu. Wapo wanaodai mwenyekiti amejichukulia madaraka. Ieleweke kwamba kamati tendaji ilipiga kura, kumbukumbu zipo, na wanaolalamika zaidi siku hiyo hawakuonekana.

Najua ziara ile ilipendwa. Vijana walirudi kimya ndani ya basi, nasi tukasema dawa imeingia. Lakini mtafiti Anthony Petrosino na wenzake walichambua majaribio 9 ya programu za aina hiyo nchini Marekani, yaliyohusisha vijana 946. Waliopelekwa kutishwa na wafungwa walivunja sheria baadaye zaidi ya wenzao ambao hawakupelekwa popote. Yaani bora tungewaacha wacheze. Matokeo hayo niliyafupisha mwenyewe, nikayachapa na kuyagawa. Nakala nyingi zilibaki mezani.

Fedha za basi tumezihamishia kwa walezi wanaokaa na vijana wale wale mwaka mzima. Kijana anahitaji mtu mzima anayemjua kwa jina, na kazi ya kweli ya kukabidhiwa. Binti mmoja wa miaka 14 tulimpa daftari la vifaa. Tangu hapo hakuna mpira uliotoka bila saini, hata mimi nilisainishwa.

Anayeona huu ni ulegevu aangalie Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Wanaovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Huko walipanua michezo na sanaa zenye wasimamizi, wakawahimiza wazazi kukaa zaidi na watoto wao, na hali ya vijana ikapimwa kwa dodoso mara kwa mara. Hoja hii niliitoa tangu kipindi changu cha kwanza, ila wakati huo haikupata mwungaji mkono.

Sasa mahudhurio. Mkutano wa robo ya tatu uliahirishwa kwa kukosa akidi, na walezi waliokuja na ripoti zao wakarudi nazo. Ada nayo: kati ya wanachama 61, waliolipa ni 24, na baadhi ya wasiolipa ndio wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zinakwenda wapi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza walezi, kuwapa vijana viti kwenye kamati na kutafuta wafadhili. Mweka hazina atakuwa mlangoni baada ya kikao, na kitabu cha stakabadhi anacho.

Mwenyekiti