Watoto waonyeshwe Nairobi ya kale, gharama si kubwa

Mhariri,

Huku Machakos wazazi wengi hudhani kumtembeza mtoto Nairobi ni kumpeleka kwenye maduka makubwa, kwa hivyo ni mambo ya wenye nacho. Si kweli. Nilipowapeleka wanangu likizoni, ukiondoa nauli ya matatu, gharama kubwa ilikuwa chapati na maharagwe.

Tulianzia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, jengo lililokuwa benki zamani. Kiingilio ni kidogo, na ghorofa ya chini imejaa vinyago, nguo na mapambo aliyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Nje kuna sanamu ya Tom Mboya, waziri aliyeuawa, karibu na alipopigwa risasi Julai 1969. Kuitazama hulipi hata senti. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na wakoloni msituni, ndiyo iliyotuweka zaidi: bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Binti yangu akauliza mbona nywele zake zimesokotana. Nikamsimulia habari za msituni pale pale kando ya barabara, wapita njia wawili wakasimama kusikiliza.

Hata Maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni, ni somo tosha. Ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee.

Naomba wahusika waweke vibao vya maelezo kwa Kiswahili chepesi kwenye maeneo haya yote. Nanyi gazetini mchapishe ramani ya kuyazunguka kwa miguu kabla shule hazijafungwa Agosti.

Mama wa watoto watatu,
Machakos